Rundo Mbele ya Bi Batuli

Mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tukila unga wa njano ulioletwa na meli, Bwana Muhdhar alituletea mwalimu wa michezo. Bwana Muhdhar ndiye aliyekuwa meneja wa kiwanda chetu cha korosho, ndani kidogo ya barabara kuu, ukishaipita Matsangoni kama unaelekea Watamu. Mvua ilikuwa imekataa, mikanju ya korosho haikuzaa, na kila mtu alikuwa akisubiri kusikia nani atarudishwa nyumbani. Badala ya kuambiwa hivyo tukaambiwa tunawe mikono, tukakutane kwenye banda la kulia, tucheze.

Nasema tucheze. Watu wazima wenye wajukuu.

Niseme kwanza kazi ilivyokuwa. Korosho haibanguliwi kama njugu. Ganda lake lina mafuta makali yanayokula ngozi, na hata ukijipaka jivu na mafuta ya mbono, mwisho yatakupata tu. Mtu akikaa miaka mingi kwenye meza ya kubangua, vidole vyake huwa laini kama vya maiti, havishiki, havisikii. Meza yetu ilikuwa hivi: Charo hugonga korosho kwa kirungu, Monicah huipasua, Bi Batuli huchokoa kiini kwa kijisu, na mimi husafisha vipande vya ganda vilivyosalia na kutandaza viini kwenye sinia ya kwenda tanuri. Mafungu yalipita mkono kwa mkono namna hiyo, kutoka asubuhi mpaka king'ora.

Bi Batuli ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mbajuni wa Faza, watu wake walikimbia kutoka visiwani wakati wa vita vya shifta, wakateremka huku kusini na kuanza upya. Binti yake alikufa akamwachia watoto, na wote walikula kwa mikono yake hiyo. Na mikono yenyewe ilikuwa imekwisha. Vidole viwili vya kulia havikukunjika tena. Kijisu alikifunga kwa kitambaa ili kisimtoke.

Sasa sisi Wagiriama tuna mweria. Shamba la mmoja linalimwa na wengi, kesho la mwingine, na hakuna anayemwuliza mwenziwe mbona jembe lako zito. Tukaingia na desturi hiyo kiwandani. Mafungu yakianza kumlemea mtu mezani, jirani hunyoosha mkono akachota konzi, akaifanya yeye, akairudisha. Hakuna asante, hakuna kutazamana. Hata Monicah, aliyetoka bara na aliyekuwa akitucheka kwa kila kitu, hilo alilishika upesi kuliko kusema Kigiriama. Kwa Bi Batuli tulifanya hivyo kila siku. Konzi moja kwa Monicah, konzi moja kwangu. Msimamizi alipopita aliona meza inayokwenda sawa.

Mimi nilikuwa na yangu ya kumlipa mama yule. Mke wangu Idah alikuwa akifanya kazi karibu na pipa la kukaangia, kule kwenye moshi. Kifua kikamwanza, wakubwa wakasema ni homa ya kawaida, arudi kazini. Akarudi, mpaka akashindwa kurudi. Wakati nikiwa zamuni, Bi Batuli ndiye aliyekwenda kumlisha uji, na miguu yake mwenyewe imevimba. Idah alipozikwa kiwanda kilileta gunia la mchele la matanga, na karani akasimama kusema maneno mazuri. Mchele tulikula. Maneno sikumbuki hata moja.

Kwa hiyo tulipoitwa bandani, mimi fikira yangu ilikuwa moja tu: Bi Batuli asionekane.

Mwalimu aliitwa Bwana Gerishom. Kijana wa bara, kaja kutoka Nairobi, mikono ya shati ameikunja, shingoni kipenga na saa ya kubonyeza. Si mtu mbaya. Nataka niliseme hilo, maana wabaya ninawajua. Alitusalimia mmoja mmoja, na kwa Bi Batuli akainama akasema shikamoo kwa ulimi wake ule mzito, Bi Batuli akamjibu marahaba mwanangu na kumwombea umri. Kisha akatueleza kwamba kuna Wajapani wanaotengeneza magari, wamegundua kuwa kazi nyingi za mwanadamu ni hasara tupu: kungoja, kurundika, kwenda na kurudi bure, kufanya kisha kurudia. Akasema hayo hayafundishiki kwa maneno. Akamwaga mfuko mezani, ukatoka mlio wa bati. Vifuniko vya soda.

Charo akauliza kama na soda zenyewe zinakuja.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila meza ipate vifuniko vyake. Wa kwanza anavigeuza kimoja kimoja kwa mkono mmoja, akishavimaliza vyote anamsukumia wa pili, naye avigeuze vyote, mpaka wa mwisho. Mwalimu anabonyeza saa. Na meza itakayoshinda mwisho wa siku itapata gunia la unga, ambalo lilikuwa limesimamishwa pale kwenye nguzo, kila mtu alione. Nani aliyekuwa akiwaza Wajapani? Tulikuwa tukilitazama gunia.

Raundi ya kwanza ilikuwa kicheko. Monicah alisema angejua siku moja atalipwa kwa kuchezea takataka, asingemchapa mwanawe kwa kuziokota. Mimi nilikaa nikingoja zamu yangu, mikono mapajani, huku Charo akigeuza. Raundi ya pili mwalimu akasema usingoje kumaliza, ukigeuza kimoja mpe mwenzio hapo hapo. Tukashangaa. Vifuniko vilikwenda kama maji, na tulimaliza kabla hatujachoka kucheka. Sikatai, mchezo ulikuwa wa kweli. Kama wakubwa wangeufuata ulivyo, kazi ingekuwa nyepesi.

Ndipo Bwana Gerishom akatukalisha, akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. Alisema raundi ijayo tutazame rundo. Vifuniko vikijaa mbele ya mtu, si kosa la mtu yule. Ni kazi iliyopangwa vibaya.

"Palipo na rundo ndipo penye ugonjwa," akasema. "Tunapeleka mkono wa pili pale, ama huyo mtu tunambadilishia kiti kinachomfaa. Kwa hivyo msilifiche. Mkilificha, mimi daktari nitatibu nini?"

Bi Batuli alikuwa akimsikiliza kwa uso wote. Akauliza, kwa adabu, mtu kubadilishiwa kiti maana yake apelekwe wapi. Mwalimu akasema, kwa mfano, asiyeweza kuchokoa anaweza kuchambua viini, vizima huku, vilivyovunjika huku, kazi ya macho. Bi Batuli akaitikia kwa kichwa. Mimi nikajisemea, huyu kijana ni mgeni, hawajui watu wa hapa.

Bwana Muhdhar hakuwepo maneno hayo yaliposemwa. Alikuwa ofisini kwenye simu. Aliingia raundi ya tatu ilipokuwa ikianza, na katika meza zote akaja kusimama nyuma ya yetu, nyuma ya Bi Batuli hasa, mikono kaifumbata.

Kifuniko cha soda ni kitu chepesi, lakini kukigeuza juu ya ubao kunataka ncha ya kidole. Bi Batuli hakuwa na ncha. Alikikwaruza kikateleza, akakikimbiza, akakibana kwa kiganja, na Monicah alikuwa tayari amemletea kingine, na kingine. Raundi za kwanza zilikuwa mchezo, tulimcheka na yeye akajicheka. Sasa rundo lilikuwa likikua na kiatu cha meneja kilikuwa kikigongagonga sakafu mgongoni pake. Kabla ya kufikiri, Monicah akawa anageuza viwili viwili na kuvipitisha kwangu. Mimi nikanyoosha mkono nikachota upande wangu. Bi Batuli akanisukuma mkono kwa kiwiko, mara moja, kwa nguvu. Nilidhani ni haraka ya mchezo. Nikachota tena.

Rundo likaisha. Tukamaliza wa kwanza banda zima. Mwalimu akapuliza kipenga, akatushangilia, akaanza kuwaambia wengine watutazame.

Bwana Muhdhar akamkatiza. Akauliza, "Huyu mama wa tatu alifanya nini?"

Charo akaanza kukusanya vifuniko.

"Mimi nilikuwa hapa. Meza imekwenda bila yeye. Kiti hiki ni cha nini?"

Bwana Gerishom akaanza kumweleza habari ya rundo na msaada, na kwamba hilo ndilo lililokuwa limefichwa. Meneja akatabasamu, akasema mwalimu ametufundisha kuwa kungoja ni hasara, basi tujaribu tuone. Akamwambia Bi Batuli, "Simama pale mama, utazame." Akamsimamisha kwenye nguzo, karibu na gunia. Raundi ya mwisho, meza yetu watu watatu, na gunia liende kwa mshindi.

Kila mwenye akili aliyekuwa pale alielewa. Tukienda vizuri watatu, mama yule hana kiti tena. Tukishindwa, anacho. Nikamwambia Charo kwa Kigiriama aende taratibu. Charo alinitazama, akalitazama gunia. Nyumbani kwake walikuwa wakichemsha mizizi. Simlaumu. Aliyemlaza mtu na njaa kisha akamwekea unga mbele ya macho, huyo ndiye wa kulaumiwa. Kipenga kikalia, na Charo akaenda kama mtu anayekimbia mvua. Monicah alijaribu kushika breki, lakini vifuniko vilimjia, mkono wake ukafanya ulichozoea.

Nikabaki mimi. Nikageuza kimoja, nikapumzika. Nikakiangusha kingine makusudi, nikainama kukitafuta. Vikajaa mbele yangu, vikafika kwenye kifua, vikaanza kudondoka chini. Meza nyingine zikatupita zote. Nikasema moyoni, haya, hesabu hiyo imeshindwa.

Bwana Muhdhar akaja upande wangu, akaliangalia lile rundo.

"Kumbe tatizo jingine liko huku," akasema. "Mzee Gona, nawe umechoka."

Akamwita Adhiambo kutoka meza ya pili, msichana mwenye mikono miepesi, akamkalisha kitini pangu. Kipenga tena. Charo, Monicah, Adhiambo. Wakamaliza kabla mimi sijafika kwenye nguzo aliposimama Bi Batuli. Gunia wakapewa wao, wagawane. Watu walipiga makofi, nao walikuwa na njaa, ungefanyaje.

Nilimwona mwalimu akimvuta meneja pembeni, akimwambia mchezo huu si wa kupunguza watu, kwamba alikokwenda kote masharti ni hayo, asifukuzwe mtu kwa jambo aliloonyesha mchezoni. Meneja alimwekea mkono begani, akamshukuru sana kwa kazi yake. Kijana akaokota vifuniko vyake akavirudisha mfukoni, uso umemshuka. Alipotupa mkono wa kwaheri, Bi Batuli aliufunika wake ndani ya buibui, akamwombea safari njema.

Wiki ile ile Bi Batuli aliambiwa akapumzike, neno lao hilo. Mimi nikapelekwa kwenye pipa la kukaangia. Nilisimama palepale mke wangu alipokuwa akisimama, moshi ule ule ukiniingia, na msimamizi akaniambia nishukuru, maana kazi ninayo.

Nilikwenda kumtazama Bi Batuli siku ya Jumapili. Alikuwa amepanga chumba Watamu, nyuma ya msikiti. Nilimkuta uani, ameinjika bati juu ya mafiga, anakaanga korosho alizookota kwa watu, ili wajukuu wakawauzie watalii ufukoni. Moshi ulikuwa umejaa ua mzima. Nikabisha hodi, nikamwamkia, akaniitikia bila kuinua macho. Nilikuwa nimefunga unga kidogo kwenye leso ya marehemu Idah. Akaniambia niuweke popote.

Nikaanza kumpa pole. Nikamwambia jinsi nilivyojitahidi raundi ile ya mwisho, jinsi nilivyojichelewesha ili kiti chake kibaki, na jinsi wakubwa wasivyo na haya. Akaniacha nimalize.

"Baba Sidi," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "nani aliyekutuma?"

Sikumwelewa.

"Yule kijana alisema msifiche. Nilimsikia kwa masikio yangu, nawe ulikuwa umekaa ubavuni pangu. Alisema penye rundo mtu hubadilishiwa kiti. Mimi nilitaka rundo langu lionekane. Nilitaka lijae mpaka shingoni, nipelekwe kwenye kuchambua, nikae na macho yangu haya mazima. Nikakupiga kiwiko, ukachota. Mmenigeuza nikawa mtu asiyefanya kitu."

Nikamwambia Muhdhar angemfukuza vilevile. Mtu yule hakutaka kujua rundo wala nini, alitaka shoka tu, la kukatia watu.

"Huenda. Lakini angenifukuza kwa uvivu wangu mwenyewe," akasema, na hapo akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Si kwa wema wenu."

Akageuza korosho kwenye bati kwa kipande cha mti, amekibana baina ya viganja viwili. Kisha akaniambia kama nataka kumfanyia jambo, niache unga, niende kwa Muhdhar nikamwambie kweli. Kwamba kazi aliifanya, ila polepole. Kwamba kilichokwenda mezani kilikwenda kwa mikono ya wengine. Amtazame upya, ampe viini achambue siku moja, aone. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema hana hakika ya kitu chochote ila njaa.

Basi nikaenda. Sikuwahi kuingia ofisi ile. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi, moshi wa pipa ukinuka kwenye nguo zangu, Bwana Muhdhar akaniambia niseme nikiwa hapo hapo. Nikamweleza. Nikamwambia habari ya raundi ya tatu, Monicah alivyogeuza, nilivyochota mimi. Nikamwambia mama yule hakuwa amekaa bure, alikuwa amelemewa, na mwalimu mwenyewe alisema aliyelemewa abadilishiwe kiti.

"Kumbe mlinidanganya mbele ya mgeni."

"Hatukudanganya, Bwana. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Akaiweka kalamu chini.

"Siku zote?"

Nikaitazama ile kalamu.

"Meza zote?"

Aliniuliza nani mwingine anayebebwa. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Akasema nikimtajia, huenda mama Batuli akapata pa kukaa. Sikumtajia mtu. Nilimwambia mimi ni wa pipani, ya mezani siyajui tena. Akaniambia basi nirudi pipani.

Kesho yake fundi seremala alikuja na msumeno. Zile meza ndefu zilikatwa vipande, kila kipande kikawekewa kiti kimoja na beseni moja, kwa mstari, na katikati ya kiti na kiti pakaachwa nafasi ya mtu kupita. Viti vikapigiliwa sakafuni. Msimamizi Mwambire akaambiwa apite jioni atazame mabeseni tu, watu asiwatazame. Wakakiita kiwanda cha kisasa, na wakubwa wengine wakaja kutoka Mombasa kupiga picha.

Wa kwanza kuonekana alikuwa Monicah. Sikujua. Nilikaa naye meza moja muda wote ule na sikujua kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa, kwamba Charo alikuwa akimgongea na kumpasulia nusu ya zake. Charo hakuwahi kusema, wala yeye. Nilimwona nikipitisha toroli ya korosho za moto: rundo lilikuwa limempanda mpaka ukingo wa beseni, na mkono mmoja wa Charo ukiwa umenyooka hewani kutoka kiti chake, vidole vimefunguka. Ulikuwa haufiki. Akaurudisha, akashika kirungu chake, akaendelea kugonga.

Monicah akaambiwa akapumzike, na baada yake wakafuata wengine. Bi Batuli hakuitwa kuchambua. Kiti kile alipewa mpwa wa karani, msichana mwenye vidole vizima vyote.